Kipima Unyevu na Ukuta Wenye Chumvi

Katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, aghalabu rangi hubambuka na lipu humomonyoka karibu na sakafu. Fundi huchomeka sindano mbili za kipima unyevu ukutani, naye akiona kipimo kimepanda hadi mwisho huamua kwamba ukuta umelowa, lipu ibanduliwe na saruji ipigwe. Uamuzi huo waweza kuwa wa gharama kubwa na usio sahihi.

Kifaa hicho hakipimi maji. Hupima ukinzani wa umeme kati ya sindano zake, na namba zake zimepangwa kwa ajili ya mbao. Mbao kavu hupitisha umeme kwa shida sana. Unyevu ukiongezeka kutoka asilimia 7 hadi 25 hivi, ukinzani hupungua mara maelfu. Ndiyo maana kifaa humfaa sana mnunuzi wa mninga au mvule, mradi azingatie aina ya mti na joto la mbao. Zaidi ya asilimia 30 hakitegemeki tena.

Ukutani mambo ni mengine. Chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari, au na mchanga wa pwani, ikiyeyuka katika unyevu mdogo tu hupitisha umeme vizuri, na kifaa husoma mafuriko. Tena chumvi ya kawaida hufyonza maji hewani pindi unyevuanga unapozidi asilimia 75. Hewa ikikauka, hugeuka fuwele ambazo hukua ndani ya vitundu vya lipu na kuipasua. Basi uharibifu ni wa kweli, ila chanzo chake huenda si maji ya ardhini.

Njia ya kutofautisha ni mizani. Unga hutolewa kwa keke kutoka ndani ya ukuta, si usoni tu, ukafungiwa katika chupa na kupimwa uzito. Kisha huachwa siku kadhaa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo hupatikana ndani ya chombo kilichofunikwa chenye maji yaliyoshiba chumvi. Hupimwa tena, hukaushwa katika tanuri, na kupimwa mara ya tatu. Ikiwa unga ulishika maji ya hewani kiasi kile kile uliotoka nacho ukutani, hakuna sababu ya kulaumu msingi. Ikiwa ulitoka na mengi zaidi, yapo maji yanayoingia: bomba lipasukalo, mfereji wa paa, au ardhi yenyewe.

Kosa la saruji huonekana baadaye. Chokaa huruhusu ukuta kupumua. Saruji ngumu huyafungia maji ndani, nayo hutafuta njia hadi kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani. Huko, mti ukizidi asilimia 20, kuvu hupata makao. Hapo kipima unyevu, kikichomekwa katika boriti yenyewe, hurudia kazi yake halali.