Chakula cha mtoto: uzito wa uji kwanza, mashine baadaye



Akina mama wengi wa viwandani hapa Bujumbura, na wenzao wa mashamba ya chai kule Teza na Rwegura, hurudi kazini mtoto akiwa bado mchanga. Wanatuuliza: je, tununue blenda ili tumtengenezee mtoto chakula? Swali ni la haki, maana blenda hula sehemu kubwa ya mshahara. Tunajibu hapa, na akina baba nao wasome, kwani mtoto si wa mama peke yake.

Miezi 6 ya kwanza mtoto hahitaji chakula chochote ila maziwa ya mama. Hata maji hayahitaji. Baada ya hapo huanzishiwa chakula, naye aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Hapo ndipo penye hatari. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016-2017 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Burundi walio chini ya miaka 5, watoto 56 walikuwa wamedumaa. Sababu ni nyingi, ufukara na maradhi yakiwamo. Lakini sababu moja imo ndani ya bakuli, nayo ni uji mwepesi.

Tumbo la mtoto wa miezi 8 halichukui zaidi ya kikombe kimoja cha chai kwa mara moja. Ukilijaza maji yenye unga kidogo, mtoto atashiba, atanyamaza, na baada ya muda mfupi atalia tena. Mwili wake haukupata kitu. Na blenda inatuingiza katika kosa hilo bila sisi kujua: kisu chake hakizunguki vizuri katika chakula kizito, basi mama huongeza maji, kisha huongeza tena, mpaka kizunguke. Chakula kinatoka laini kama maziwa, kinapendeza macho, lakini ni chepesi. Aliye nayo nyumbani asiitupe. Aitumie kwa maji kidogo, na ajue kwamba umeme ukikatika mtoto bado atataka kula.

Uji unaofaa hukaa juu ya kijiko bila kumwagika ukikiinamisha kidogo.

Kwa kazi hiyo vyombo vya kawaida vinatosha. Uma huponda ndizi, viazi vitamu na maharagwe yaliyoiva sana. Maharagwe yakisukumwa kwa kijiko katika chujio la chuma, maganda hubaki juu na unga mzito hushuka chini, bila tone la maji. Kinu na mchi hutwanga ndagala wakavu mpaka wawe vumbi. Kijiko kimoja cha vumbi hilo ndani ya uji ni nyama ya mtoto. (Kinu cha pilipili kiwe mbali!) Mashine ya mkono ya kusagia nyama husaga pia lengalenga zilizopikwa, ila lazima ifunguliwe yote na kuoshwa kwa maji ya moto, maana mabaki hujificha nyuma ya kisu. Mwisho tia kijiko kidogo cha mawese; ule wekundu wake ni dawa ya macho.

Kwa unga wa akiba, changanya vikombe 3 vya mahindi au mtama na kikombe 1 cha soya. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu ikiwa mbichi huzuia chakula kisiyeyuke tumboni. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe. Mashine haiondoi sumu ya ukungu, wala moto hauimalizi: mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya.

Mtu atasema: uji mzito mtoto mdogo hauwezi, unamkwama. Ni kweli, na dawa yake ni kimea. Miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania waliichunguza njia hii, hata katika kijiji cha Luganga mkoani Iringa. Loweka ulezi usiku mmoja, uoteshe siku 2 au 3 chini ya kitambaa chenye unyevu, anika juani, saga. Pika uji mzito kama ugali laini, uepue, usubiri moto upungue kidogo, kisha koroga kijiko kidogo cha kimea. Katika dakika chache uji unalegea wenyewe, bila maji kuongezwa, na chakula chote kimo. Uchemshe tena kidogo, ndipo umpe mtoto. Mama anayepika impeke hana haja ya kufundishwa kuotesha nafaka. Lakini akitumia mtama, avisugue na kuvipepeta vichipukizi na vimizizi vyote baada ya kukausha, kwa kuwa vina sumu kama ya mihogo michungu. Ulezi hauna taabu hiyo.

Limebaki jambo ambalo hakuna chombo cha jikoni kiwezacho kulitatua. Uji wa alfajiri haufai saa sita: ukikaa zaidi ya saa 2 katika joto la Imbo, vijidudu vimekwisha zaliana. Afadhali mama aache unga uliopimwa, na mtu mzima aupike kila mara. Na kama nyumbani yupo dada wa miaka 8 tu, je? Tangu mwaka 1919, Mkataba wa 3 wa Shirika la Kazi Duniani ulimtajia mama anyonyeshaye nusu saa mara mbili kwa siku. Mkataba wa 183 wa mwaka 2000 unataka muda huo uhesabiwe kuwa saa za kazi na ulipwe.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa kila kiwanda na kila shamba wafungue mapatano yao ya kazi na kutazama: muda huo umeandikwa? Unalipwa? Mtoto akiletwa mlangoni, pana chumba cha kumnyonyeshea, na mbabula ya kupikia uji wake?