Kozi ya Maandalizi ya Afya Kabla ya Chuo cha Uuguzi: Je, Inafaa Kuigharamia?

SWALI: Sisi ni wakaazi wa Simbo, Wilaya ya Kigoma. Binti yetu amemaliza kidato cha nne. Amepata D ya Biolojia, D ya Kemia, C ya Kiswahili, B ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, na F ya Fizikia. Anataka uuguzi. Kuna kituo kinatoa kozi ya maandalizi ya afya ya miezi sita, na tumeambiwa akiimaliza ataingia chuo cha uuguzi. Ada yake itatulazimu tuuze sehemu ya shamba la michikichi. Je, tuuze?

JIBU: Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Swali hili hutufikia pia kutoka kwa wazazi wa Unguja na Pemba, kwa hiyo tumeona tulijibu kwa urefu kidogo ili linufaishe wote.

Kwanza, nia ya binti yenu ni njema. Wanachuoni wamehesabu elimu ya tiba kuwa ni fardhi kifaya. Katika zama za Mtume (s.a.w.), Bibi Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema la kuwatibu majeruhi, na humo ndimo alimouguzwa Saad bin Muadh (r.a.) baada ya vita vya Khandaq. Basi asivunjwe moyo.

Pili, tutazame njia yenyewe. Kwa Tanzania Bara, muongozo wa udahili wa NACTVET kwa stashahada ya uuguzi na ukunga unataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, na masomo ya dini hayahesabiwi. B ya dini ni fakhari kwa mzazi, lakini haiingii katika hesabu hii. Binti yenu ana masomo matatu yanayohesabiwa: Biolojia, Kemia na Kiswahili. Kinachomzuia ni Fizikia peke yake.

Kozi ya miezi sita haiondoi F hiyo. Akimaliza atakuwa na karatasi mkononi, lakini chuo cha Kabanga kule Kasulu, au chuo chochote kingine kilichosajiliwa, kitamuuliza Fizikia yake iko wapi. Kwa hali yake, njia fupi ni kurudia mtihani wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Pesa kidogo ya mwalimu wa Fizikia itamsogeza mbele kuliko ada ya kozi.

Je, kozi hizi hazina faida kabisa? Hapana, zinayo kwa mwenye kujua anachokinunua. Kijana hufundishwa huduma ya kwanza, kupima joto na shinikizo la damu, usafi wa wodi, na kutunza siri ya mgonjwa. Aliyekwisha kutimiza masomo yake na anasubiri udahili anaweza kufaidika nayo, na mapema akajijua kama anastahamili damu, harufu na kukesha. Ipo pia kozi ya mwaka mmoja ya uhudumu wa afya, nayo ni kazi ya halali inayojitegemea. Lakini mhudumu si muuguzi. Muuguzi husoma stashahada miaka mitatu, kisha husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Zanzibar nayo ina baraza lake.

Hapa kuna jambo la kisheria. Imepokewa katika hadithi ya Abu Daud kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara atakayosababisha. Basi mwenye cheti cha miezi sita asijiite muuguzi wala asichome watu sindano mtaani.

Tatu, kuhusu mkataba. Kozi ni ijara: mnalipa ada, mnapewa mafunzo. Yakielezwa wazi, ni halali. Ama mwenye kituo kuuza ahadi ya nafasi ya chuo ambacho si chake, hilo ni gharar, na akijua si kweli ni ghishi. Kabla ya kulipa, ulizeni haya:

1. Kituo kimesajiliwa na nani, na kwa namba gani? Thibitisheni NACTVET.
2. Cheti kinatambuliwa na chuo gani cha uuguzi? Mpigieni simu msajili wa chuo hicho wenyewe.
3. Ada yote ni kiasi gani, na binti akikatisha hurudishwa nini?

Wazazi wa visiwani wafanye vivyo hivyo: waulize kwanza SUZA, kampasi ya Mbweni, ni masomo gani yanayotakiwa mwaka huo, ndipo wafikirie kozi ya maandalizi.

Kwa hiyo, nasaha yetu ni kwamba shamba lisiuzwe kwa kozi hii. Binti arudie Fizikia, na shamba libaki, kwani ada ya miaka mitatu ya chuo bado iko mbele. Mshaurianeni naye, mswali istikhara, kisha mtawakali kwa Allah.

Wallahu a'lam.