Chapati ya Kihindi: laini bila mafuta

Chapati tunaijua sote. Lakini ile tunayokula kwetu, yenye mafuta ndani na nje, ni ndugu tu wa ile ya asili. Asili yake ni India. Wahindi waliokuja Afrika Mashariki kwa biashara, na wale waliojenga reli kutoka Mombasa mpaka ziwa Victoria kati ya 1896 na 1901, walikuja na upishi wao.

Kule India, chapati ya kila siku, inayoitwa pia roti, haikaangwi. Inaivishwa juu ya kikaango kikavu. Kwa mama anayepima mafuta kijiko kwa kijiko, jambo hilo linafaa kujua.

Vinavyohitajika (chapati 14 hivi)
– Unga wa ngano nusu kilo. Wahindi hutumia unga usiotolewa pumba. Mweupe pia unafaa.
– Chumvi nusu kijiko kidogo.
– Maji ya vuguvugu, kama glasi moja na nusu.

Namna ya kutengeneza
1. Changanya unga na chumvi. Tia maji kidogo kidogo, huku ukikanda, dakika 10. Donge liwe laini, lisinate mikononi.
2. Funika kwa kitambaa chenye unyevu, liache dakika 30. Usiruke hatua hii: ndipo unga unapokunywa maji na kulegea. Wengi huharakisha hapa, kisha wanashangaa chapati kuwa ngumu.
3. Kata madonge ya ukubwa wa yai. Sukuma kila moja liwe duara jembamba. Kama huna kijiti cha kusukumia, chupa safi inatosha.
4. Pasha kikaango vizuri juu ya makala. Weka chapati, ikitoa mapovu madogo, geuza. Upande wa pili ukipata madoa ya kahawia, geuza tena, ukandamize pembeni kwa kitambaa safi kikavu. Maji yaliyo ndani yanageuka mvuke, nayo inavimba.
5. Zipange ndani ya kitambaa, zifunike. Joto lake lenyewe linazilainisha.

Wahindi huzipaka samli kidogo na kuzila na mchuzi wa dengu. Sisi tuna maharagi na sombe. Moto wa kikaango ukiwa mdogo, chapati inakauka kabla ya kuiva. Basi, wamama, tusiogope moto. Na watoto wetu, wavulana kwa wasichana, wasukume pamoja nasi.