Gemu Inapokatika, Tazama Ilivyokatika

Kando ya ziwa letu watu wanajua maana ya kupima kabla ya kutibu. Kituo cha utafiti cha KEMRI kiko hapa Kisian, kilomita kumi na kitu kutoka jijini Kisumu, na malaria ni miongoni mwa mambo yaliyokipa jina. Kabla ya Shirika la Afya Duniani kuelekeza, mwaka 2010, kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kwanza, homa ya mtoto ilitibiwa kama malaria bila maswali mengi. Kompyuta za nyumbani bado zinaishi zama hizo. Gemu ikikatika, jibu liko tayari mdomoni mwa kila mtu: RAM ni kidogo, ongeza. Mzazi anapanda matatu hadi mjini, RAM inanunuliwa, na kabla chakula cha jioni hakijaiva gemu imekatika tena. Ndipo anapomgeukia fundi: "Sasa, fundi, ninunue nini tena?"

Mashine zenyewe tunazijua. Nyingi ni ex-UK, zilizostaafishwa katika ofisi za ng'ambo, zikasafishwa na kuuzwa huku: HP Compaq, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Chukua HP Compaq 8200 Elite iliyotoka mwaka 2011. Kichakataji chake mara nyingi ni Core i5-2400, chenye viini 4 na mwendo wa gigahezi 3.1, na hata leo si cha kubezwa. Shida ni picha. Mashine hiyo kwa kawaida haina kadi ya picha. Kazi ya kuchora hufanywa na kijisehemu kilichomo ndani ya kichakataji hicho hicho, Intel HD Graphics 2000, kilichokusudiwa barua na mahesabu ya ofisini. Kijana wa kidato cha pili anaiwekea Grand Theft Auto V, kisha anashangaa.

Hata hivyo, kwa kawaida udhaifu peke yake hauikati gemu. Unaifanya ikokote tu: magari yanarukaruka barabarani, mpira unafika golini kabla mchezaji hajainua mguu. Gemu inayokatika imekutana na jambo mahususi ililolihitaji ikalikosa, na namna inavyokatika ndiyo inayoonyesha jambo lenyewe. Kwa hiyo kabla ya kufungua pochi, uliza: ilikatika wakati gani, na ilipokatika kompyuta ilibaki ikiwaka?

Tuanze na rahisi. Gemu inayokataa kufunguka kabisa, au inayofunguka sekunde mbili na kutoweka, kwa kawaida haina ugomvi na RAM wala joto, maana haijapata hata nafasi ya kutumia hivyo viwili. Mara nyingi inaomba uwezo ambao kifaa hakikuzaliwa nao. Uwezo huo mara nyingi ni toleo la DirectX, lugha ya picha ya Windows: HD Graphics 2000 inaishia 10.1. FIFA 14 inaridhika na DirectX 9, lakini FIFA 17 ilihamia injini ya Frostbite inayotaka DirectX 11, na hapo hakuna mpangilio wa kushusha wala kupandisha utakaosaidia. GTA V, ajabu, inakubali DirectX 10, kwa hiyo itafunguka na kujikokota. Andika dxdiag kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, fungua ukurasa wa Display, usome mstari wa Feature Levels, kisha ulinganishe na masharti ya gemu. Mambo ya dakika tatu, wala hayalipiwi.

Gemu inayofunguka vizuri, ikachezwa, kisha ikakurudisha kwenye desktop huku kompyuta ikiendelea kuwaka kana kwamba hakikutokea kitu, hiyo ndiyo inayostahili kushukiwa kwa kumbukumbu. Lakini hata hapa "RAM ni kidogo" ni jibu la juujuu. Windows haimhesabii mtu RAM peke yake. Inajumlisha RAM na faili la akiba lililo kwenye diski, na jumla hiyo ndiyo mpaka wa kile programu zote kwa pamoja zinaweza kuahidiwa. Gemu ikiomba kipande kingine na jumla imeisha, inaambiwa hapana, na gemu nyingi hazijui kuishi na hapana. Zinakufa.

Sasa fikiria kompyuta ya gigabaiti 4. Windows 10 yenyewe inameza karibu nusu. Kijisehemu cha picha hakina kumbukumbu yake, kwa hiyo nacho kinakopa humo humo. Kivinjari kimeachwa wazi na kurasa kumi. Juu ya hayo, kuna ushauri unaosambaa kwamba ukizima faili la akiba kompyuta itakuwa nyepesi. Ushauri huo umeua gemu nyingi. Faili hilo liachwe lisimamiwe na Windows yenyewe, na diski C ibaki na nafasi, gigabaiti 15 au 20, kwa sababu diski iliyojaa sinema hailipi faili hilo pa kukua. Wengi wakifanya hayo mawili na kufunga kivinjari, gemu huacha kukatika bila senti kutoka. Itakuwa bado nzito, ndiyo, lakini haitakatika.

Kuna gemu ambazo hata ukizipa gigabaiti 16 zitakatika vilevile. GTA San Andreas iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2005, na PES 2013, ni programu za biti 32, na kwa kawaida programu ya aina hiyo hupewa na Windows nafasi ya gigabaiti 2 tu ya kuandikia mambo yake. Kijana anapojaza San Andreas magari mapya, barabara mpya na ngozi mpya za wahusika, kila picha ikiwa kubwa mara nne ya ile ya asili, gigabaiti hizo 2 zinajaa hata kama RAM nyingine imelala bila kazi. Dawa yake ni kupunguza mapambo.

Ikiwa RAM kweli ni ndogo, basi inunuliwe kwa akili. Mashine ya 8200 ina njia mbili za kumbukumbu. Kijiti kimoja cha DDR3-1333 kinapitisha gigabaiti 10.6 kwa sekunde. Viwili vinavyofanana, kila kimoja kwenye njia yake, vinapitisha 21.3. Kwa kompyuta ambayo picha zake zinachorwa kwa RAM hiyo hiyo, vijiti viwili vya gigabaiti 4 ni bora kuliko kimoja cha 8. Wauzaji wengi hawalisemi hili, labda kwa kuwa hawaulizwi.

Skrini ikiganda, sauti ikakwama kwenye mlio mmoja, kisha picha ikarudi pamoja na ujumbe kwamba draiva ya picha iliacha kujibu, hilo ni jambo jingine. Windows huipa sehemu ya picha sekunde 2 kumaliza kazi iliyotumwa. Ikichelewa, Windows huchukulia kwamba imezimia na kuiamsha upya. Gemu kwa kawaida haiponi. Punguza mzigo: kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, vidoti vya kuchorwa vinapungua hadi asilimia 44 ya vile vya awali. Zima vivuli kabla ya kitu kingine chochote. Na draiva ichukuliwe kwa mtengenezaji, isiwe ile ambayo Windows ilijiwekea yenyewe.

Sasa tufike kwenye kile kinachotusumbua hasa upande huu: kompyuta nzima inazima, pu, kama mtu amechomoa waya. Hapa RAM msiitaje. Washa tena, fungua Event Viewer, utakuta tukio namba 41 la Kernel-Power. Linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Washukiwa ni wawili, joto na stima, na wanatofautishwa kwa saa.

Joto lina mpangilio. Gemu inachezwa dakika ishirini, inazima. Unawasha papo hapo, inazima baada ya tano. Ukiiacha ipoe, inakurudishia zile ishirini. Kichakataji kikikaribia nyuzi 100 hujipunguza mwendo kwanza, na kikizidi hapo hujiokoa kwa kuzima kila kitu. Kisian ina mchango wake. Mchana wa ziwani unafika nyuzi 30 kirahisi. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya hapa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa, na feni ile ile inabeba joto pungufu. Vumbi la barabara ya Busia linaingia. Na visubi vya ziwa, vile vinavyopanda kama moshi na kufuata taa usiku, vinafyonzwa na feni na kugandamana na vumbi hadi mapezi ya kupoozea yanaziba kabisa. Ukiongeza kwamba mafuta ya kupoozea kati ya kichakataji na chuma chake yamekaa tangu 2011 na kuwa unga, huhitaji mganga. Jaribio ni hili: fungua ubavu wa kompyuta, elekeza feni ya mezani ndani, cheza. Ikidumu mara mbili zaidi, umepata jibu. Brashi laini na kijipakiti cha mafuta mapya vitamaliza kazi. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Ndani yake umeme hubaki hata waya ukiwa umechomolewa.

Stima haina mpangilio wa dakika. Inazima saa moja jioni na si saa nne asubuhi, au inazima taa zikipepesa, au jirani mwenye mashine ya kusaga akianza kazi. Swali ninaloulizwa ni kwa nini taa zikipepesa kompyuta haizimi mtu akiandika barua, ila akicheza. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita zinazoweka akiba ya umeme kwa ajili ya kukatika kwa muda mfupi sana: kiwango cha kawaida ni kama milisekunde 16 mzigo ukiwa kamili, chini kidogo ya mzunguko mmoja wa stima yetu ya hezi 50. Barua haivuti sana, kwa hiyo akiba inadumu. Gemu inavuta kila kitu, akiba inaisha haraka, na kapasita zilizozeeka zilianza na akiba ndogo tangu mwanzo.

Soma kibandiko cha pawa saplai. Ikiwa imeandikwa volti 100 hadi 240, kama ilivyo kwa nyingi za ex-UK, basi stima kushuka hadi 190 haiisumbui sana. Kinachoiangusha ni kukatika. Ile ya bei ya chini yenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 ndiyo inayoteseka volti zikishuka, kwa kuwa akiba yake hupungua kwa mraba wa volti: kwa 190 badala ya 240 inabaki kama asilimia 63 tu. Na hapa kuna kichekesho. Vile vifaa vya kulinda friji na televisheni ambavyo watu huchomekea kompyuta haviongezi volti. Zikishuka, vinakata. Kwa mashine ambayo ingevumilia 190 bila shida, mlinzi ndiye anayeizima. UPS ndogo inafaa zaidi, na radi zikianza kuunguruma juu ya ziwa, hata hiyo ichomolewe ukutani.

Limebaki faili lenyewe. Gemu nyingi hapa hufika kwa flashi, zimebanwa, zimenakiliwa mara nyingi, na uwekaji unafia njiani kwa ujumbe wa ISDone.dll. Flashi ya FAT32 haibebi faili linalozidi gigabaiti 4, huo ni mtego wa kwanza. Wa pili unafundisha zaidi: ukirudia kuweka na ikafia asilimia ile ile kila mara, faili ni bovu. Ikifia 31, kisha 58, kisha 12, tazama RAM, kwa sababu kufungua faili lililobanwa hakusamehe hata biti moja iliyogeuka. Andika mdsched, ruhusu Windows iipime ikianza upya. Hii ndiyo hali ambayo RAM inastahili lawama, na hapo inabadilishwa, haiongezwi.

Mara mojamoja kosa si la mashine wala la flashi. Mwaka 2025 wachezaji wa San Andreas kwenye Windows 11 toleo la 24H2 waligundua kwamba Skimmer, ndege ya kutua majini, imetoweka kwenye mchezo. Mtu aliyechimba msimbo alikuta kwamba gemu ilikuwa ikitumia namba ambazo haikuwahi kuziandika, na kwa bahati Windows za zamani ziliacha humo namba zinazofaa. Kosa lilikuwa limelala miaka ishirini.

Anayeamua kununua kadi ya picha apime kasha kwanza, kwa kuwa 8200 nyembamba hukubali kadi fupi tu na pawa saplai yake ni ya wati 240. GT 1030 haivuti zaidi ya wati 30 na haihitaji waya wa ziada, lakini ziko mbili zenye jina hilo: yenye kumbukumbu ya GDDR5 inapitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ile ya DDR4 iliyotoka 2018 haifiki 17. Jina kwenye boksi ni moja. Mwombe muuzaji aichomeke, afungue gemu unayoitaka hapo hapo dukani, na muiache icheze nusu saa kabla hujalipa.