Nani Anasema "Sisi"? Swali Moja la Filozofia Mbele ya Fakitire ya Dote



Watu wengi wanatuuliza sisi wenye tulisoma filozofia: "Ile kitu inasaidia nini? Mwenye alisoma udaktari anatibu, mwenye alisoma sheria anatetea watu. Na wewe je?" Sitajibu kwa maneno makubwa. Nitachukua jambo moja lenye linasumbua vijana wengi kwetu, ni kusema fakitire ya dote, na nitaonyesha namna swali moja la filozofia linaweza kulifungua.

Munajua namna inapita. Familia ya bibi arusi inaandika karatasi na kuituma kwa familia ya kijana. Juu kuna mbuzi ao ngombe, jembe, mufuko wa chumvi, vitenge vya mama. Ukishuka chini unakuta suti na viatu vya baba, telefone ya shangazi, wakati mwengine hata jenereta. Mwisho kuna feza, na mara nyingi ni dola. Kama familia ya kijana inauliza sababu, inapata jibu moja: "Njo desturi yetu." Hapo mazungumuzo yanaisha, inabakia tu kuomba wapunguze.

Tusimame kidogo kwenye neno "yetu". Sisi gani?

Swali hilo liko na historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita hapa kwetu. Mwaka 1945, mu Élisabethville, leo Lubumbashi, kulitoka kitabu La philosophie bantoue cha Placide Tempels, padri Mubelgiji wa Wafransisko, mwenye aliishi kati ya Waluba wa Katanga. Wakati ule Wazungu wengi walisema Mwafrika hajui kufikiri. Tempels alikataa. Alisema Wabantu wako na filozofia yao, na katikati yake kuna wazo la nguvu ya uhai. Waafrika wengi walimushukuru, na walikuwa na sababu.

Lakini angalia namna alivyosema. Kwake, Wabantu wote wanafikiri namna moja, tena hawawezi kueleza wenyewe kile wanafikiri. Mugeni njo atawapangia maneno yake. Mu kitabu chote, "Mubantu" ni kama mutu mumoja mukubwa mwenye hana jina, hana mashaka, na hajawahi kubishana na jirani yake.

Miaka ya nyuma, Paulin Hountondji wa Benini, mwenye alifundisha pia Kinshasa na Lubumbashi, alishambulia wazo hilo. Alisema hakuna kijiji chenye watu wote wanawaza sawasawa. Kosa la kuamini kwamba jamii nzima iko na wazo moja alilipa jina: unanimisimu. Kwake, filozofia inaanza pale mutu mwenye jina lake anasema wazo, anatoa sababu, na mwengine anamujibu. Na Valentin-Yves Mudimbe, mutoto wa Likasi, aliyezaliwa 1941 na kufariki 2025, aliongeza jambo lingine mu The Invention of Africa (1988): mambo mengi tunayosema juu yetu wenyewe yalipangwa kwanza mu maandiko ya wamisionere, wasafiri na watu wa serikali ya kikoloni.

Sasa turudi kwenye karatasi yetu. Kutoka kwa hao ninachukua maswali matatu.

La kwanza: nani anasema "sisi"? Mara nyingi fakitire iliandikwa na wajomba wawili ao watatu usiku mumoja. Mama wa bibi arusi aliulizwa? Bibi arusi mwenyewe aliulizwa? Mara nyingi yeye njo mutu wa mwisho kuona karatasi, na yeye njo ataishi mu nyumba yenye inaanza na madeni. Kama mu familia ileile kuna shangazi mwenye anasema "hii imepita kipimo", basi "desturi yetu" ni wazo la wamoja, si la wote.

La pili: tangu lini? Telefone haikutoka kwa babu. Dola haikutoka kwa babu. Sisemi kitu kipya ni kibaya. Ninasema tu kwamba kama desturi iliweza kubadilika ili telefone iingie, inaweza kubadilika pia ili bei ishuke. Hatuwezi kuifungua wakati wa kuongeza na kuifunga wakati wa kupunguza.

La tatu: kwa sababu gani? Hapa njo watu wanachanganya zaidi. Wazee watakuambia: dote inaonyesha heshima, inaunganisha familia mbili, inafanya ndoa ijulikane mbele ya watu. Mimi ninakubali hayo yote. Lakini hizo ni sababu za kutoa dote, hazisemi dote iwe ya kiasi gani. Mbuzi mumoja mwenye ametolewa kwa moyo anaunganisha familia sawa na ngombe kumi. Mwenye anataka kumi anapaswa kutoa sababu ya kumi.

Na sababu moja tunaisikia sana siku hizi, juu inatugusa sisi wenye diploma: "Tulimusomesha mpaka lisansi, tulilipa minervale miaka yote." Angalia vizuri: hiyo si desturi tena, ni hesabu. Na ni hesabu yenye kasoro. Familia ya kijana pia ililipa minervale. Zaidi ya hayo, ile lisansi ni ya dada mwenyewe. Alikesha, alitetea memware yake, jina lake njo liko kwenye diploma. Kuiweka kwenye fakitire ni kumuhesabia masomo yake kama mabati juu ya nyumba yenye inauzishwa.

Jambo hili si la kucheka. Kijana mwenye hawezi kulipa hakimbii mapenzi, anaingia mu "yaka tofanda": wanaishi pamoja, wanazaa, bila ndoa. Siku bwana anakufa, sheria haimutambui yule mama kama mujane, na ndugu za bwana wanaweza kumutosha mu nyumba. Lakini Sheria yetu ya Familia ya 1987, yenye ilirekebishwa 2016, inaomba dote iwe imetolewa walau sehemu moja ili ndoa ifungwe, na inakubali dote iwe ya alama tu, hata desturi iseme nini. Vijana wengi hawajui hilo.

Sasa kisu kikate pande zote mbili. Kijana mwenye anasema "desturi ni mambo ya wajinga, sisi wasomi tuliacha hiyo" anafanya unanimisimu ileile. Wasomi gani? Vilevile mwenye anaandika mu grupu ya WhatsApp kwamba "wanawake wa leo wote wanapenda feza". Wote? Ulihesabu? Na bwana mwenye alipigania bei ishuke, kisha ndoa anamuambia bibi yake "kwetu mwanamuke hasemi mbele ya wanaume", ajiulize maswali matatu yaleyale: nani, tangu lini, kwa sababu gani. Haifai kuuliza siku ya kulipa tu.

Mutaniambia: nikiuliza hivyo mbele ya wakwe, watanifukuza. Ni kweli kama unauliza vibaya. Kwetu bwana arusi hasemi, musemaji wa familia njo anasema. Basi zungumuza naye mbele, pamoja na muchumba wako, juu yeye njo anajua kwao ni nani anasikilizwa. Musemaji anaweza kusema: "Baba zetu, mama zetu, hatukatae desturi, tumekuja juu yake. Tunaomba mutufundishe: kati ya vitu hivi, ni vipi vyenye hata babu zenu waliomba, na kila kimoja kinamaanisha nini?" Swali kama hilo linawapa wazee nafasi yao, na linatenganisha jembe, lenye maana yake inajulikana, na jenereta, yenye hakuna mutu anaweza kuieleza.

Hountondji mwenyewe hakuishia kwenye kukosoa. Mu 1994 alisimamia kitabu juu ya maarifa ya kienyeji, Les savoirs endogènes, kwa kuonyesha kwamba maarifa ya wazee wetu yanastahili kuchunguzwa, si kutupwa wala kuabudiwa. Ninaomba tufanye vile mu familia zetu. Kama kwenu kuna fakitire inaandikwa mwezi huu kwa ajili ya dada yenu, wewe msomi wa nyumba usingoje kuitwa. Omba karatasi, kaa karibu na wajomba, na uliza kwa heshima kama bibi arusi ameisoma.