Unga Mweusi wa Betri

Wanangu, mnaijua ile betri nene ya tochi. Kopo lake la ndani ni zinki, katikati pana kijiti cha kaboni, na baina yake umeshindiliwa unga mweusi unaochafua vidole. Huo ni dioksidi ya manganizi iliyochanganywa na kaboni. Mfaransa Georges Leclanché ndiye aliyetengeneza betri ya zinki na manganizi mwaka 1866, na mpaka leo jamii yake tunainunua dukani. Ikiisha, tunaitupa.

Je, haiwezi kutengenezwa ya kuchajiwa? Inawezekana, tena kwa maji ya chumvi ya zinki, ambayo hayashiki moto. Zinki ina matatizo yake, lakini leo tuuangalie huo unga.

Betri inapotoa umeme, zinki huyeyuka kidogokidogo. Chembe zake zenye chaji, yaani ioni, hupita majini na kujipenyeza kwenye vijia vyembamba mno vilivyomo ndani ya unga. Ukichaji, zinatoka. Shida ni kwamba kila ioni ya zinki ina chaji mbili, lithiamu, ile ya betri za simu, ina moja tu, kwa hiyo zinki hung'ang'ania inapoingia. Na kibaya zaidi, sehemu ya manganizi hugeuka ikayeyukia majini. Kila ukichaji na kutumia, unga unapungua.

Mwaka 2016, watafiti wa maabara ya taifa ya Pacific Northwest, Marekani, walifanya jambo ninalolipenda sana: waliyatia maji yenyewe chumvi ya manganizi tangu mwanzo. Maji yakishakuwa na manganizi yake, hayauli tena unga kwa kasi ile. Betri yao ilichajiwa mara 5,000 ikabaki na asilimia 92 ya uwezo wake!

Mwaka huohuo, kundi la Linda Nazar wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, lilitumia oksidi ya vanadi badala ya unga huo. Hii imepangika tabaka juu ya tabaka, mfano wa ghorofa. Wakaweka zinki kidogo iwe nguzo, na maji baina ya sakafu, ili nafasi ipanuke na ioni zipite bila kunasa. Betri hiyo ilivuka mizunguko 1,000 ya kuchajiwa na kutumiwa ikiwa na zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake.

Ila vanadi hutoa kama volti 0.8 tu, manganizi hutoa kama 1.3, na ni rahisi kwa bei. Ndiyo maana wengi bado wanauhangaikia unga mweusi: wapo wanaoufunika kwa kaboni, wapo wanaopachika potasiamu kwenye vijia vyake ili manganizi isichomoke.