Mtambo wa Chumba cha Kulia

Machi 1917, waandishi Leonard Woolf na mkewe Virginia walikuwa wakipita eneo la Farringdon, London, wakaona mitambo midogo ya kuchapa ikiuzwa dukani. Chuo cha uchapaji kilikuwa kimeshawakataa, maana kilipokea wanagenzi wa chama cha wafanyakazi tu. Mwenye duka akawauzia mtambo wa mkono pamoja na kijitabu cha maelekezo, akawaambia hicho kinatosha.

Mtambo ukawekwa chumba cha kulia, nyumbani kwao Hogarth House, Richmond. Jina la nyumba likawa jina la kampuni: Hogarth Press. Leonard mikono ilikuwa ikimtetemeka, hivyo kupanga herufi za risasi, moja baada ya moja, ikawa kazi ya Virginia. Leonard akavuta mtambo. Hata hivyo ni yeye aliyetaka mkewe, ambaye akili zilikuwa zikimsumbua, apate kazi ya mikono ya kumtuliza. Julai wakatoa kitabu cha kwanza, hadithi mbili, ya mume na ya mke, nakala 150 walizozishona wenyewe.

Dawa ikageuka biashara. Mwaka 1919 gazeti moja lilikisifu kitabu cha Virginia, Kew Gardens. Waliporudi kutoka shamba walikuta sakafu imejaa barua za wanunuzi. Shairi refu la T. S. Eliot, The Waste Land, Virginia alilipanga kwa vidole vyake, likatoka 1923. Ulysses ya James Joyce waliiacha: ilikuwa ndefu mno kwa mtambo wao, na wachapaji wakubwa waliogopa kushtakiwa.

Hayo husimuliwa sana. Kisichosimuliwa ni kwamba mwenye mtambo wake haombi ruhusa, na uhuru huo ulifika hadi kwetu. Mwaka 1924 Hogarth ilitoa Kenya, kitabu cha Norman Leys, daktari aliyewahi kuitumikia serikali ya kikoloni kisha akaianika. Mwaka 1934 ikamchapisha Parmenas Githendu Mockerie, Mgikuyu aliyekwenda London 1931 pamoja na Jomo Kenyatta kutetea ardhi ya watu wao. Kitabu chake, An African Speaks for His People, kilitangulia Facing Mount Kenya ya Kenyatta kwa miaka minne, lakini leo wanaokitaja ni wachache.

Wachapishaji wa Nairobi wanaotafuta kitabu cha kutafsiri kwa Kiswahili, naomba waanze na hicho.